Makaroni ya jana hayafai kwenda Coco Beach

Saa 1 asubuhi ya Jumapili, Soko la Magomeni jijini Dar es Salaam limeshachangamka. Ni Januari, na jasho linawatoka watu hata kabla jua halijapanda. Mama mmoja wa watoto watatu anachagua matango, karoti, pilipili hoho na nyanya ngumu.

"Leo safari ya wapi, dada?" anauliza muuzaji.

"Coco Beach, na watoto," anajibu, huku akiongeza ndimu nne na fungu la giligilani.

Anakwenda kutengeneza saladi ya makaroni. Miezi hii joto la mchana hufika nyuzi 32, na watoto wengi husukuma pembeni sahani ya wali wa moto. Chakula cha baridi chenye uchachu wa ndimu hushuka vizuri.

Lakini ana sababu ya kupika leo asubuhi. Mwaka jana alichemsha makaroni Jumamosi usiku, akayaacha jikoni ndani ya sufuria iliyofunikwa. Asubuhi akayapasha moto, akachanganya na mayonizi. Familia ikala ufukweni saa 7 mchana. Saa 10, wakiwa kwenye mwendokasi kurudi nyumbani, mtoto wake wa miaka minne akaanza kutapika.

Nyumbani kila mtu alilaumu mihogo ya ufukweni. Zahanati, nesi aliuliza swali moja tu: "Makaroni uliyapika lini, mama?"

Makaroni, kama wali, yanaweza kubeba bakteria waitwao Bacillus cereus. Mbegu zao hustahimili kuchemshwa. Chakula kikikaa nje kwenye joto, bakteria huzaliana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata chakula kikipashwa tena. Kutapika huweza kuanza ndani ya nusu saa hadi saa sita baada ya kula.

Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya saa mbili. Kwenye joto la zaidi ya nyuzi 32, ushauri unaotolewa Marekani ni saa moja tu. Sufuria ya Magomeni ilikaa usiku kucha.

Safari hii mambo ni tofauti. Anachemsha pakiti ya gramu 500 kwa dakika zilizoandikwa kwenye pakiti, anachuja, kisha anayatandaza kwenye sinia pana yapoe haraka. Mboga anaziosha kwa maji safi na salama, anazikatakata kwenye ubao ambao haujaguswa na nyama mbichi. Anachanganya na kikombe cha maharage yaliyochemshwa asubuhi hiyohiyo, vijiko vinne vya mafuta ya alizeti, maji ya ndimu, chumvi kidogo na giligilani. Saladi inaingia kwenye friji hadi wakati wa kuondoka.

Saa 5 wanatoka. Saladi imo kwenye deli dogo, imezungukwa na chupa tatu za maji zilizogandishwa tangu jana. Mwendokasi unawafikisha Morocco, bajaji inamalizia hadi baharini. Barafu ikiyeyuka, watoto wana maji baridi ya kunywa.

Chini ya kivuli, deli linafunguliwa wakati wa kula tu. Mikono inaoshwa kwa sabuni kwanza. Kitakachobaki kwenye sahani hakirudi nyumbani.

Mzazi asiye na friji wala barafu asijilazimishe. Apike saladi kiasi cha kuliwa palepale nyumbani, na ufukweni anunue chakula kinachotoka jikoni kikiwa cha moto. Na mtoto akitapika au kuharisha, apewe ORS kidogokidogo. Akilegea, akishindwa kunywa au akikosa mkojo, apelekwe kituo cha afya bila kusubiri.

Saa 9, bakuli ni tupu. Yule mdogo, sasa ana miaka mitano, ananyoosha kidole kwenye karai la mihogo inayochemka kwenye mafuta.

"Mama, ule!"

Mama anatoa noti. Kumbe mihogo ilisingiziwa mwaka mzima.