Kanda Ziko Wapi?

Msimamizi wa tasnifu yangu aliniuliza: "Kanda ziko wapi?" Sina. Vipindi alivyotangaza shangazi yangu redioni vilikwenda hewani moja kwa moja, vikaishia hapo.

Usiku ule nilimrudia Erik Barnouw, aliyeandika historia ya utangazaji wa Marekani kwa juzuu 3, kuanzia 1966 hadi 1970. Kabla ya hapo aliandika vipindi vya redio. Aliijua studio kwa ndani. Mwaka 1978 akaongoza kitengo cha filamu, utangazaji na sauti katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Kwanza alikuwepo, kisha akaandika, kisha akahifadhi.

Shangazi alikuwepo. Ana miaka 79.

Jumamosi nilimwamkia, nikaweka simu mezani.

"Shangazi, nisomee habari kama zamani."

Akakohoa, akanyoosha mgongo. Nikaanza kurekodi.