Baraza la Mtungi

Lugha yetu haikuona haya kumtaja mgema. Tangu utotoni tumeambiwa kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na methali hiyo husemwa maskulini, mabarazani na hata katika mawaidha, na watu ambao tembo halijapata kugusa midomo yao. Visiwani tunajua pia kutenganisha tembo tamu, linaloteremshwa mnazini alfajiri, na tembo kali la jioni. Mti ni ule ule na kata ni ile ile. Kilichobadilika ni saa. Kwa hiyo Mswahili asiyekunywa si mgeni kabisa wa mambo haya. Huyajua kama mtu anavyoijua nyumba ya jirani kwa sauti zitokazo ndani.

Mimi niliingia katika nyumba hiyo ya jirani nikiwa na umri wa miaka hamsini na mbili, tena nimefuatana na mke wangu. Yeye ni mzaliwa wa Ngara, mkoani Kagera, na mamake, Mungu amrehemu, alikuwa mpika pombe ya ndizi. Ada ya skuli, sare, madaftari na nauli ya kwendea chuo cha ualimu, vyote vilitoka mtungini. Jambo hilo halikuwa siri baina yetu, lakini pia halikuwa la kuzungumzwa mbele ya wageni. Mwaka uliofuata msiba wa mamake, mke wangu aliomba kwamba likizo yetu tuitumie kuzunguka vilabu vya pombe vya upande wa kwao, kimoja baada ya kingine. "Hatutakunywa," akasema, "lakini tutakaa."

Tulianzia Biharamulo, mji mdogo wenye historia kubwa. Boma la Wajerumani lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 20 lipo hadi leo, na kuta zake nene zinamkumbusha mtu kwamba hapa palikuwa kituo cha kuitawala nchi ya baina ya ziwa na milima ya magharibi. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yalitoka Rwanda yakaliteka, na baadaye likaja kuwa mikononi mwa Waingereza. Watawala watatu walipita katika boma lile ndani ya miaka isiyozidi ishirini. Mchana tulilitazama, usiku tukaenda kuwatazama watu.

Baa ya kwanza ilikuwa na televisheni mbili na muziki wa Kongo. Kila mtu alikuwa na chupa yake, na kizibo amekirudisha juu ya mdomo wa chupa ili nzi wasiingie. Ya pili ilikuwa grosari yenye viti vinne, ambamo wanaume watatu walikunywa bila kutazamana. Kisha tukafika kilabuni. Mabenchi yalikuwa ya miti, sakafu ya udongo, na kinamama wawili walipima pombe kwa kopo la plastiki. Jagi moja lilizunguka kwa watu sita, na maneno yakazunguka pamoja nalo: bei ya mahindi, ng'ombe aliyeingia shamba la mtu, mtoto aliyefaulu mtihani. Nilistaajabu kuona kwamba naijua sehemu ile. Ilikuwa baraza. Badala ya kahawa palikuwa na pombe, na badala ya bao palikuwa na kesi ya ng'ombe, lakini adabu ya kupeana zamu ya kusema ilikuwa ndiyo ile ile niliyokulia nayo.

Kutoka Biharamulo barabara hukutana Lusahunga na njia kuu ya malori yaendayo Rwanda na Burundi. Tulifuatana na malori hayo hadi Benaco, mahali palipochukua jina la kampuni ya Kitaliani iliyojenga barabara. Leo ni kituo cha madereva, na baa zimejipanga kando ya njia. Viroba, yaani vile vifuko vya pombe kali vilivyopigwa marufuku nchini kuanzia Machi 2017, havipo tena, ila vichupa vidogo vimerithi nafasi yao. Hapo mtu hunywa ili apate usingizi, kisha asubuhi aendelee na safari.

Mke wangu hakutaka tukae ndani. Tulisimama nje tukitazama vilima. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa siku moja hivi, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo, na vilima vile vikawa mojawapo ya kambi kubwa kabisa za wakimbizi duniani. Kambi za Wanyarwanda huko Ngara zilidumu mpaka Desemba 1996. Mke wangu alikuwa binti wa skuli wakati huo. Akanieleza kwamba baadhi ya wakimbizi walifika kilabuni kwa mamake wakalipa kwa unga wa mahindi wa msaada, kwa kuwa fedha hawakuwa nazo. Hapakuhitajika mkalimani, maana Kihangaza na Kinyarwanda ni lugha za ukoo mmoja. Wapo waliokaa siku nzima wasinywe chochote, wakasikiliza tu watu wakibishana juu ya mambo madogo. "Mama hakuwafukuza," akasema. "Alisema hawa wamekuja kununua maneno."

Ngara yenyewe ni nchi ya vilima, baridi na migomba. Sehemu yake iitwayo Bugufi ilikuwa ya ufalme wa Urundi, kisha baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ikawekwa upande wa Tanganyika, na mwaka 1948 Mwami Mwambutsa alipeleka ombi Umoja wa Mataifa kuidai. Mpaka ulibaki ulipo. Pombe haikuujali. Warundi huiita urwarwa, Wanyarwanda urwagwa, na Wahaya wa upande wa Bukoba rubisi. Ngara ipo katikati ya majina hayo, na migomba yake haina pasipoti.

Tuliiona ikipikwa, ingawa kupikwa ni neno tu, kwa sababu ndizi hazipiti motoni. Ndizi zilizokomaa hufukiwa katika shimo lililotandikwa majani ya mgomba, zikaiva kwa siku kadhaa. Humenywa, zikatiwa katika chombo cha mti kilichochongwa mfano wa mtumbwi, mtumbwi usiojua bahari, zikakandwa pamoja na nyasi mpaka maji yake yatoke. Maji hayo yakichujwa ni matamu kama asali, nayo huitwa umutobe. Wakati huo bado si pombe. Huongezwa maji kidogo na unga wa mtama uliokaangwa, yakafunikwa, na baada ya siku moja au mbili povu hujitokeza. Nikakumbuka tembo tamu la kwetu. Huku pia, tofauti ni saa.

Katika kilabu cha karibu na kwa wakwe zangu, mzee mmoja aliyemjua mke wangu tangu mdogo alinipa nafasi ubavuni kwake. Nilipomwambia kwamba sinywi, hakushangaa wala hakunisihi. "Mkwe," akasema, "hapa asiyekunywa hafukuzwi. Hupewa kile ambacho bado hakijawa pombe." Nikaletewa umutobe katika kibuyu kidogo chenye mrija, na nikakaa nao muda ule ule waliokaa wenzangu na chao. Hakuna aliyenitazama mara ya pili.

Sitaki msomaji adhani kwamba nimekwenda kuisifu pombe. Niliona pia, penye mlango wa kilabu kimoja, mwanamke amekaa chini na mtoto mgongoni akimngoja mume aliyekwisha kulewa na fedha za nyumbani zimo mfukoni mwake. Niliambiwa habari za gongo, ambayo sheria inaikataza na ambayo hata hivyo huuzwa gizani. Mke wangu, ambaye mtungi umemsomesha, ndiye aliyeyasema maneno makali kuliko yangu juu ya wanaume wa namna hiyo. Mamake, alisema, alikuwa na desturi ya kumnyima kopo la tatu mtu aliyejulikana kuwa na watoto wenye njaa. Alipoteza wateja kwa desturi hiyo, na hakuiacha. Dini yangu imenieleza hukumu ya kinywaji. Haijanifundisha kumdharau mjane aliyekuwa na migomba tu, na watoto watano wa kulisha.

Na hata migomba haina hakika. Tangu mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko umeingia Kagera, na aina za ndizi za pombe ndizo zinazoshambuliwa kwa wepesi zaidi, kwa kuwa wadudu hubeba vijidudu kutoka ua moja la mgomba hadi jingine. Wakulima wamefundishwa kulivunja ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya kisu, na kusafisha panga kwa moto kabla ya kugusa mgomba mwingine. Shamba la marehemu lilikuwa limepungua nusu. Shemeji yangu amepanda mahindi palipokuwa na ndizi, na kilabu cha mamake kimekuwa stoo ya mbolea.

Humo ndimo mke wangu alipotaka kuingia kabla hatujaondoka. Marehemu hakujua kuandika. Madeni aliyahesabu kwa mistari ya mkaa nyuma ya mlango, kila mteja na fungu lake. Ukuta ulikuwa umekwisha kupigwa lipu na kupakwa chokaa. Hapakuwa na mstari hata mmoja, naye alisimama akaupapasa kwa kiganja bila kusema neno.

Yule mzee alikuwa ametufuata nyuma. Akatoa shilingi elfu mbili zilizokunjwa, akamwambia mke wangu kwamba za mamake zilikuwa vibuyu viwili, vya tangu kabla hajaugua. Mke wangu akakataa. Mzee akazidi kunyosha mkono. Ndipo mke wangu akanigeukia, na nilielewa kwamba ananiuliza kama mume na kama mtu wa dini, zote mbili kwa pamoja. Nilimwambia kwamba mtu anayetaka kushusha deni la maiti asizuiwe.

Akazipokea kwa mikono miwili. Kisha akatoka nje hadi kwa jirani aliyekuwa akikanda ndizi siku ile, akampa fedha zote za kununulia mtama.