Feni ya Bedford

Tangu baba apate kiharusi, nyumbani tunaamua mambo bila kumuuliza. Ndivyo nilivyoamua kuhusu Bedford yake. Ilikuwa ikichemsha kila ilipopanda Kitonga, nami nilikuwa na akiba ya posho ya masomo. Nikamwonyesha kwenye simu picha ya feni ya umeme. Nikaeleza kwa kujiamini kwamba haitegemei kasi ya injini kama ile ya mkanda.

Akaitazama. "Umeme utatoka wapi, mwanangu?"

Nilikuwa nimesahau: lori lile bado linatumia dainamo, si alteneta. Injini ikizunguka taratibu, dainamo haitoi umeme wa maana. Feni ingemaliza betri.

"Sasa tufanyeje, baba?"

"Bati," akasema.

Bati la kuzunguka feni lilishatolewa zamani, kwa hiyo feni ilivuta hewa ya pembeni badala ya ile inayopita kwenye rejeta. Fundi akakata jipya, baba kitini akimwelekeza kwa mkono wa kulia.

Safari iliyofuata, dereva alipiga simu kutoka juu ya Kitonga. Hakusimama kuongeza maji. Nikampa baba simu, asikie mwenyewe.