Kaole hadi Saadani: Mfundishe mtoto siri ya twiga, mnyama aliyegeuzwa hadithi

UKITOKA mjini Bagamoyo kuelekea kusini, mwendo wa kilomita tano hivi, utafika Kaole. Hapo, karibu na mikoko, yamesimama magofu ya misikiti miwili, mmoja ukiwa wa karne ya 13, pamoja na makaburi yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa.

Familia nyingi zinazofika hapo mwishoni mwa wiki hupiga picha, huuzunguka mbuyu mkongwe, kisha hugeuza kwenda kuogelea. Lakini kabla ya kuondoka, mwonyeshe mtoto vishimo vya duara kwenye baadhi ya makaburi. Humo zilipachikwa bakuli za kauri kutoka China, kama pambo la kumheshimu marehemu. Baadhi ya vyombo vya kauri vilivyopatikana Kaole vinaonekana kwenye makumbusho ndogo iliyopo hapo hapo.

Mtoto mdadisi atauliza: kama bakuli zilitoka China, sisi tuliwapelekea nini?

Twiga aliyevuka bahari

Pwani hii iliuza pembe za ndovu na dhahabu. Lakini mwaka 1415, wajumbe kutoka Malindi, ambayo leo ipo Kenya, walifika China na zawadi isiyosahaulika: twiga aliye hai. Mwaka mmoja kabla, twiga mwingine alikuwa ametumwa huko na mtawala wa Bengal, na picha yake ilichorwa.

Wachina walipomwona, walisema huyu ndiye qilin, mnyama wa hadithi zao ambaye mara nyingi husimuliwa kuwa na pembe moja, na ambaye waliamini hutokea nchi inapotawaliwa kwa hekima.

Ulaya nako kulikuwa na mnyama wake wa pembe moja, yule farasi mweupe ambaye mabinti wengi leo wanamjua kwa jina la yunikoni kutoka kwenye katuni na mabegi ya shule. Takriban mwaka 1500, mafundi wa huko walimfuma kwa nyuzi za sufu na hariri kwenye vitambaa vikubwa vya kutundika ukutani. Vitambaa saba viko New York na sita viko Paris, na hadi leo wasanii wanaviiga. Hata chumba cha wanafunzi katika filamu za Harry Potter kilipambwa kwa nakala za vile vya Paris.

Pembe iliyouzwa kama dawa

Katika kimoja cha vitambaa vya New York, yunikoni amechovya pembe yake majini. Watu wa zama hizo waliamini pembe hiyo huondoa sumu. Matajiri waliinunua kwa bei kubwa, wakasaga unga na kunywa. Kumbe walichouziwa kilikuwa jino refu la nyangumi mdogo wa bahari za kaskazini. Halikutibu chochote.

Usicheke haraka. Hapa kwetu Tanzania umewahi kuenea uvumi kwamba ubongo na uboho wa mifupa ya twiga hutibu Ukimwi. Si kweli. Hakuna sehemu ya twiga inayotibu virusi vya Ukimwi. Zinazofanya kazi ni dawa za kufubaza virusi, ARV, ambazo hutolewa bila malipo katika vituo vya afya vya serikali. Mgonjwa anayeziacha ili atafute nyama ya porini anahatarisha maisha yake, na anayemuua twiga anavunja sheria.

Madhara ni mapana zaidi. Twiga wa Kimasai, ndiye aliyeko Tanzania, amepungua kwa karibu nusu ndani ya miaka 30, kwa ujangili na kupotea kwa makazi. Mwaka 2019 aliingizwa kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Huyu ndiye mnyama wa taifa letu, yupo kwenye ndege za Air Tanzania, na timu ya taifa ya wanawake ya soka inaitwa Twiga Stars.

Wamwone akiwa hai

Ukiendelea kaskazini mwa Bagamoyo utafika Hifadhi ya Taifa ya Saadani, ambako pori linakutana na Bahari ya Hindi. Twiga wapo. Mwombe mtoto ahesabu pembe: ni mbili, zimefunikwa ngozi na nywele. Madume mengine huota nundu ya tatu katikati ya paji la uso.

Mkirudi mjini, piteni kwenye maduka ya wachoraji. Twiga wa rangi kali mtakaowaona humo ni wa mtindo wa Tingatinga, ulioanzishwa Dar es Salaam miaka ya 1960 na Edward Saidi Tingatinga. Mnunulie mtoto karatasi na rangi, naye achore twiga wake.

Kwa safari yenyewe, ondokeni asubuhi kabla jua halijawa kali. Bebeni maji ya kunywa ya kutosha na kofia, na jioni wavalisheni watoto nguo za mikono mirefu kujikinga na mbu.

Na mtoto akiuliza kama yunikoni ni wa kweli, mweleze kwamba hayupo. Twiga yupo, na akiisha, wajukuu wetu nao watamjua kwa picha na hadithi tu.