Na Mzazi Naye Alelewe

Mimi ni kijana wa miaka 26. Nilizaliwa hapa Nyarugusu, miaka michache baada ya kambi kufunguliwa mwaka 1996, na hapa hapa ndipo nilimaliza sekondari. Kazi yangu ni kukaa na vijana. Kila Jumamosi tunakutana chini ya mti, tunaongea mambo ya ndoa, mimba za mapema, pombe, na kuheshimiana nyumbani. Watu wananiita mwalimu hata kama sina darasa. Ninasema haya mapema ili mjue kwamba maneno nilikuwa nayo mengi. Lakini siku maneno yalipohitajika nyumbani kwangu, nilitoa lile baya kuliko yote.

Mke wangu alikuja kambini na shangazi yake, kutoka Baraka, ng'ambo ya ziwa. Mama yake alibaki kule. Kwetu mwanamke akizaa, mama yake anakuja. Anamkanda kwa maji ya moto, anampikia uji, anaogesha mtoto, na mzazi analala. Kazi yake siku zile ni kunyonyesha na kupumzika tu. Sisi hatukuwa na huyo mama. Shangazi mwenyewe ni mgonjwa wa miguu na anakaa zoni ya mbali. Mama yangu mimi alifariki nikiwa bado shuleni. Kwa hiyo mtoto wetu wa kwanza, msichana, alipozaliwa wakati wa mvua, tulirudi nyumbani watatu na hakukuwa na mtu anayetusubiri mlangoni.

Juma la kwanza majirani walikuja wengi. Walileta sabuni, kikwembe, unga wa uji. Walimbeba mtoto, wakasema amefanana na mimi, tukacheka. Juma la pili wakapungua, kila mtu ana shida zake. Na mimi nikarudi kazini, tena kwa furaha, maana sasa ni baba.

Ndipo mke wangu alianza kunyamaza. Nikimsalimu anajibu kwa kichwa. Nikileta chakula anagusa kidogo anaacha. Hata mtoto akilala, yeye halali, anatazama turubai la juu. Nilifikiri amenuna. Rafiki yangu mmoja akaniambia, "Wanawake wakizaa wanadeka, mzoee tu." Nikaamini, kwa sababu jibu hilo halikunidai kitu.

Usiku wa siku ya 17 niliamshwa na kilio cha mtoto. Alikuwa peke yake kitandani. Mama yake nilimkuta nje, ameketi barazani, miguu inanyeshewa. Nikamwambia, "Wewe ni mama gani?"

Maneno hayo manne na kiulizo chake, ningeweza kuyarudisha mdomoni ningeyarudisha.

Hakukasirika. Alisema polepole, "Baba mutoto, minaogopa. Minaona huyu mutoto angepata mama mwingine, angekuwa muzuri. Saa zingine minawaza niende tu, nisirudi."

"Uende wapi?"

Hakujibu. Nikaelewa kwamba hasemi habari za Baraka. Nilimwingiza ndani, nikampa mtoto anyonye, halafu nikamchukua mimi na kukaa naye kifuani mpaka asubuhi, macho yangu yakiwa kwa mama yake.

Kulipokucha nilikwenda kwa bibi jirani, tunamwita Koko. Nilitegemea atashangaa. Hakushangaa. Aliniambia, "Mwanangu, hii si roho mbaya, wala si uchawi. Na mimi iliniingia kwa mutoto wangu wa pili, tukiwa njiani tunakimbia. Sikumwambia mutu. Kwanza mwache alale." Alikuja kwetu, akangoja mtoto anyonye, akamfunga mgongoni na kutoka naye. Mke wangu alilala mpaka jua likawa juu kabisa. Zilikuwa siku nyingi hajalala hivyo.

Halafu tukaenda kituo cha afya. Tulikuwa tumeshakwenda kabla. Mtoto alipimwa uzito, kadi ikajazwa, tukarudi. Mama hakuulizwa alivyo, na mimi niliyekaa naye nyumba moja sikumuuliza pia. Safari hii muuguzi mmoja alikaa naye muda mrefu, kisha akaniita ndani. Alitueleza kwamba mama wengi hulia na kubadilika moyo siku za mwanzo, na kwa kawaida inapita ndani ya wiki mbili. Ikizidi hapo, au mama akishindwa kulala hata akipewa nafasi, akiacha kula, akijiona hafai, asipomsikia mtoto wake moyoni, huo ni ugonjwa. Unatibiwa kwa mazungumzo, na wengine hupewa dawa. Na mzazi akisema anataka kufa, au anawaza kumdhuru mtoto, haachwi peke yake na hasubiri miadi. Anapelekwa siku hiyo hiyo. Alisema pia kwamba hata baba anaweza kushikwa na huzuni hiyo, ila baba wengi wanaificha kwenye pombe na hasira.

Haikuisha kwa siku moja. Mke wangu alikwenda kuongea na mshauri kila wiki, na siku nyingine alirudi amechoka kuliko alivyokwenda. Mimi nilipanga zamu: tangu saa mbili usiku mpaka saa sita mtoto ni wangu, namleta kwa mama yake akitaka kunyonya tu. Nilijifunza kumwogesha. Nilikwenda bombani na ndoo, mtoto mgongoni, na wanaume wenzangu wakanicheka kwamba nimelishwa limbwata. Nilicheka nao na kujaza ndoo. Mtandao ukikubali, tulituma sauti kwa mama mkwe Baraka, naye akajibu kwa sauti, akimwita mke wangu jina lake la utotoni. Mwezi wa tatu, siku moja nikiwa nje, nilisikia anacheka ndani na mtoto. Niliogopa kuingia nisije nikaikata ile furaha.

Wazazi wapya, haya machache tuliyojifunza ninawaachia.

Usingizi ni dawa. Mama akipata saa nne mfululizo, kesho inakuwa tofauti. Kama humpati mama mzazi, tafuta bibi, wifi, dada wa kanisani au msikitini, jirani. Usione haya kuomba. Na wewe unayekwenda kutazama mtoto, usiende mikono mitupu ukapikiwa chai. Chota maji, fua nepi, ndipo umbebe.

Mtoto anyonye maziwa ya mama tu miezi 6 ya mwanzo. Hata kukiwa na joto, maji hapana: yanajaza tumbo dogo na yanaweza kuleta kuhara. Ila anayenyonyesha anahitaji kula zaidi. Posho ni ndogo, tunajua wote. Kwetu tuliamua sahani yake ijazwe kwanza, yangu baadaye.

Kitovu kiachwe kikavu na kisafi. Hakiwekwi majivu, mate, wala dawa ya meno.

Mtoto akilia, tazama njaa, nepi, joto, baridi. Ukishafanya yote bado analia, na unasikia hasira inapanda, mlaze chali mahali salama, toka nje, pumua, ita jirani. Usimtikise kamwe, ubongo wake unaweza kuumia.

Kimbia kituoni, iwe usiku iwe mchana, mtoto akikataa kunyonya, akiwa wa moto au wa baridi sana, akipumua haraka au mbavu zikiingia ndani, akipata degedege, akiwa wa njano mpaka viganja na nyayo, au kitovu kikiwa chekundu na kutoa usaha. Na mama pia: damu nyingi, homa, kichwa kuuma sana na macho kuona giza, degedege.

Kadi ya kliniki itunzeni pakavu. Chanjo za mwanzo ni pale anapozaliwa, halafu wiki ya 6, ya 10 na ya 14.

Na ninyi ndugu zetu wa mashirika, ombi langu ni dogo. Mkimaliza kupima mtoto, mwulizeni mama: "Na wewe, unalala?" Kisha nyamazeni kidogo. Jibu la kwanza litakuwa "niko muzuri". Subirini la pili. Mwulizeni kwa lugha anayoiota usiku, na mume au mkwe akiwa nje. Halafu mwiteni na baba. Kwenye mafundisho ya uzazi sisi wanaume tunabaki nje tunalinda baiskeli, kumbe nyumbani ndio tunaobaki na mama saa saba ya usiku.

Mtoto wetu sasa ana miezi 14, anatembea, anaangusha kila kitu. Kabla ya kutoa maandishi haya nilimsomea mke wangu yote, maana usiku ule ni wake kuliko wangu. Alikubali yatoke. Alitaka jambo moja tu liongezwe: "Andika kwamba hata siku zile nilikuwa ninamupenda. Upendo ulikuwepo, sikuwa ninausikia tu. Mama mwingine akisoma, ajue."

Nimeandika.