Mlima hauuzwi, mtamba anauzwa: kutoka Tunduma hadi malisho ya Kitulo

TUNDUMA haina muda wa kulala. Malori ya kwenda Zambia na Kongo hupanga foleni usiku na mchana, na tangu kituo cha pamoja cha forodha kilipozinduliwa Oktoba 2019, mji umezidi kuchangamka. Hapa kila kitu kina bei: mahindi, mchele, vitenge, simu, kwacha na dola.

Si ajabu basi kwamba mazungumzo ya mezani yanapohamia kwenye ardhi, nayo huzungumzwa kama gunia la mahindi. Fulani ameuza shamba la baba yake. Fulani anatafuta mnunuzi wa eneo la malisho, kilima kizima na kijito chake.

Vijana nao wana mfano wao. Kwenye simu wanaona ranchi za milimani za Marekani, huko Montana na Colorado, zikiuzwa kwa pamoja: mlima, mto wenye samaki, zizi la ng'ombe, nyumba ya wageni na njia za kupanda farasi. Mtoto anayeona picha hizo humuuliza mzazi swali la haki kabisa: je, na sisi tunaweza kununua mlima?

Jibu linapatikana kwa sehemu katika sheria. Sehemu nyingine, iliyo tamu zaidi, inapatikana kwa safari ya siku mbili au tatu kutoka mpakani hadi Kitulo, uwanda wa juu ambako ng'ombe, maua na wageni wamegawana mlima mmoja.

Nani mwenye mlima?

Tanzania ina Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999. Msingi wake ni mmoja: ardhi yote ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini kwa niaba ya wananchi. Mtu hupewa haki ya kuimiliki na kuitumia, kwa hati inayoweza kufika miaka 99, au kwa hati ya haki miliki ya kimila ikiwa ni ardhi ya kijiji. Asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji ulioidhinishwa.

Sehemu kubwa ya malisho ya milimani katika Mkoa wa Songwe, kama huko Ileje, ni ardhi ya vijiji. Mwenyekiti peke yake hana mamlaka ya kuiuza, hata akiwa na mhuri. Ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa iwe ardhi ya jumla kwa ajili ya mradi mkubwa, na eneo halizidi hekta 250, ambazo ni kama ekari 600 na ushee, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri, baada ya kijiji kusikilizwa.

Kwa hiyo yule anayekuja na daftari la mauziano, akisema mlima wote ni wake na anataka fedha taslimu leo, anauza maneno.

Hata Marekani picha zile hazisemi yote. Ranchi nyingi za magharibi mwa nchi hiyo zina ardhi yao ya kununua chini bondeni, lakini malisho ya kiangazi juu mlimani mara nyingi ni ardhi ya serikali kuu. Mfugaji hulipia kibali cha kuchunga, na akivunja masharti kibali huweza kuondolewa. Kumbe huko nako mlima haumilikiwi wote na mtu mmoja.

Njia ya kupanda

Safari inaanza kwa lami. Basi likitoka Tunduma hupita Mpemba, ambako njia ya Ileje na mpaka wa Malawi inachepuka, kisha Vwawa, makao makuu ya mkoa huu uliozaliwa mwaka 2016 kutoka Mbeya. Pande zote ni kahawa na mahindi ya Mbozi. Familia yenye muda inaweza kuchepuka kwenda Ndolezi kuona kimondo cha Mbozi, jiwe la chuma kutoka angani lenye uzito wa kama tani 12. Watoto hupenda kuligonga kwa kokoto wasikie linavyolia.

Baada ya Mlowo na Mbalizi unaingia Mbeya, zaidi ya kilomita 100 kutoka mpakani. Hapo kuna njia mbili za kupanda Kitulo. Ya kwanza inaanzia Uyole kuelekea Tukuyu, na kuchepuka Isyonje. Ya pili inaendelea hadi Chimala na kupanda ukuta wa mlima kwenda Matamba. Wenyeji huiita barabara hii Hamsini na Saba, kwa sababu ya kona zake. Watoto huanza kuzihesabu kwa shangwe, na kufika kona ya thelathini wengi wamenyamaza, wameshika tumbo. Mzazi mwenye busara hubeba mifuko na maji, na hawapi wali wa nazi kabla ya kupanda.

Juu, kwenye mita kama 2,600 kutoka usawa wa bahari, nchi inafunguka ghafla. Hakuna msitu, hakuna kelele, ni nyasi na upepo na vilima vya mviringo. Mlima Mtorwi, unaokaribia mita 3,000, unasimama pembeni. Mwezi Juni na Julai umande huganda alfajiri, na mtoto wa Tunduma anayedhani anaijua baridi hujua kwamba alikuwa hajaiona.

Ng'ombe wa nyanda za juu

Mzungu James Frederic Elton, balozi mdogo wa Uingereza huko Msumbiji, alipita hapa mwaka 1877, na kwa miaka mingi ramani za kikoloni ziliuandika uwanda huu kwa jina lake. Wenyeji wa pande hizi, Wakinga, Wawanji na Wasafwa, walikuwa na majina yao na mifugo yao kabla ya ramani hiyo.

Baadaye serikali iliona kile ambacho mchungaji yeyote angekiona: nyasi nyingi, maji mengi, na baridi inayopunguza kupe na mbung'o. Shamba la mifugo la Serikali likawekwa Kitulo, na ng'ombe wa maziwa aina ya Friesian, weupe wenye mabaka meusi, wakazoea mlima ulio baridi kama kwao Uholanzi.

Kazi kuu ya shamba la namna hii ni kuzalisha mitamba, yaani majike machanga ambayo hayajazaa, ili yasambae kwa wafugaji. Hapa ndipo tofauti na ranchi ya kwenye simu inapoonekana. Kinachokusudiwa kumfikia mwananchi ni mtamba, wala si mlima. Mlima unabaki mahali pake, ukizaa tena mwaka ujao.

Wahenga walisema ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume. Ukweli ni kwamba ng'ombe wa maskini mara nyingi hazai vizuri kwa sababu hajala. Mtamba wa kisasa akipelekwa kwenye banda lisilo na majani ya kutosha, lisilo na maji safi wala dawa ya kuogesha, hugeuka mzigo ndani ya miezi michache. Familia za Rungwe, jirani hapo chini, zimefuga ng'ombe wa maziwa kwa miaka mingi katika vipande vidogo vya ardhi, kwa kupanda matete na kukata majani kuyaleta bandani. Wao hawakuhitaji ekari elfu moja. Walihitaji nidhamu ya kila asubuhi.

Bustani ya Mungu

Pembeni mwa malisho ndipo ilipo sehemu ambayo wageni huifuata. Rais Benjamin Mkapa alitangaza mwaka 2002 kwamba Kitulo itakuwa hifadhi, na mwaka 2005 ikasajiliwa rasmi kuwa Hifadhi ya Taifa, yenye ukubwa wa kilomita za mraba kama 413. Ndiyo hifadhi ya kwanza ya taifa katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu.

Kuanzia Novemba hadi Aprili, mvua zikishika, uwanda hufunikwa na maua ya kila rangi. Kuna aina zaidi ya 350 za mimea, na kati yake okidi za ardhini kama aina 45. Ndege kama tandawala mkubwa na mbayuwayu wa buluu hufika kuzaliana. Katika misitu ya milima hii yupo pia kipunji, aina ya nyani ambayo sayansi iliitangaza mwaka 2005 tu, ingawa wawindaji wa hapa walikuwa wakimjua.

Kwa familia, uzuri wa Kitulo ni kwamba watu hutembea kwa miguu. Si hifadhi ya simba na tembo, hivyo mtoto wa miaka minane anaweza kutembea na mwongozaji, akainama, akatazama ua moja kwa dakika kumi. Sheria ni ndogo: ua haling'olewi.

Kinachopita Tunduma

Sheria hiyo ndogo ina uhusiano wa moja kwa moja na Tunduma. Upande wa pili wa mpaka, Nakonde na kote Zambia, kuna chakula kinachopendwa kiitwacho chikanda. Hutengenezwa kwa viazi vidogo vya okidi vilivyosagwa, vikachanganywa na karanga, pilipili na magadi, kikakatwa vipande kama mkate mzito.

Okidi za Zambia zilipopungua, wanunuzi waliigeukia Tanzania. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba kati ya viazi milioni 2 na milioni 4 vya okidi vilikuwa vikitoka Nyanda za Juu Kusini kwenda Zambia kila mwaka. Njia kubwa ya bidhaa hiyo ilikuwa mpaka huu huu wa Tunduma. Biashara hiyo ni mojawapo ya sababu zilizofanya hifadhi ianzishwe.

Si rahisi kumlaumu mama aliyechimba. Gunia la viazi vya okidi lilileta ada ya shule na chumvi. Lakini okidi ikichimbwa kiazi imekwisha, haichipui tena, na mwaka unaofuata mchimbaji hulazimika kwenda mbali zaidi. Huko ni kuuza mlima kidogo kidogo, kwa vikombe, bila hati wala mkutano wa kijiji.

Na mlima ukichoka, hasara hushuka na maji. Vijito vya Kitulo huteremka hadi bonde la Usangu na kulisha Mto Ruaha Mkuu, ambao maji yake hutumika kwa mpunga wa Mbarali na kwa umeme wa Mtera na Kidatu. Taa inayowaka sebuleni Tunduma ina deni kwa nyasi zile.

Kabla baba hajatia saini

Familia nyingi za Songwe hazina mlima. Zina ekari tano, kumi, ishirini alizoacha babu, na mnunuzi anayepiga simu. Pengine ndugu mmoja anataka mtaji wa duka mpakani, mwingine anataka shamba libaki. Hapo ndipo ugomvi wa ukoo huanzia, na watoto ndio huurithi.

Mambo machache husaidia. Kwanza, mume asiuze peke yake. Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi inalinda pia haki ya mwenzi katika ardhi wanayoimiliki pamoja. Pili, shamba lipimwe na lipate hati ya haki miliki ya kimila kupitia serikali ya kijiji, majina ya mke na mume yote mawili yakiandikwa. Hati hiyo humpa nguvu hata asiyeuza. Tatu, ulizeni ofisi ya kijiji kama kuna mpango wa matumizi ya ardhi, na malisho yametengwa wapi. Eneo la malisho la pamoja si pori lisilo na mwenyewe.

Nne, pigeni hesabu ya pande mbili. Fedha ya kuuza huhesabiwa siku moja. Fedha ya kukodisha kwa msimu, ya maziwa, ya kahawa au ya miti huhesabiwa kwa miaka. Kuna wakati kuuza ni sawa, kama vile mgonjwa anapohitaji matibabu na njia nyingine hakuna. Lakini uamuzi huo ufanywe na watu wote wanaokula kutoka shamba hilo, watoto wakubwa wakiwemo, na mchana kweupe.

Mtoto aliyeuliza kama mlima unanunuliwa anastahili jibu kamili. Aambiwe kwamba mlima ni wa umma, na kwamba nyasi zake zimelisha ng'ombe wa watu wengi kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kuufunga kwa ua wa waya. Kisha aulizwe yeye: ukipewa mtamba mmoja, utampa majani gani asubuhi?