Ndoo ya Mombasa na Hesabu ya Chama

Wahenga walinena kuwa manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kijana mmoja aliyehitimu shahada ya kompyuta aliishika methali hiyo kikiki. Mamake, mweka hazina wa chama cha akiba kijijini, alipomwomba programu ya kuwekea hesabu, aliiandika kwa lugha ya C katika mfumo endeshi wa Linux, akaikabidhi kwa kompaila moja tu, GCC. Kompaila ni mkalimani: huyafasiri maandishi ya mwanadamu yakawa lugha ya mashine. Programu ilifanya kazi barabara.

Kompyuta ya chama ilitumia Windows. Kijana aliifasiri programu upya huko kwa kompaila ya Microsoft, nayo ikatumika miaka miwili bila tatizo. Hatimaye, siku ya mkutano mkuu, akiba ilipita shilingi 21,474,836 na senti 47. Papo hapo jumla ikatanguliwa na alama ya kutoa. Wanachama walitazamana, kisha wote wakamgeukia mweka hazina.

Hakuna aliyeiba. Kijana alikuwa amezihifadhi senti katika aina ya namba iitwayo "long". Katika Linux ya biti 64, aina hiyo huwa na biti 64. Katika Windows ya biti 64, huwa na biti 32 tu, nazo haziwezi kuvuka 2,147,483,647. Ni mithili ya neno "ndoo": kwa msemaji wa Kimvita ni mwito wa kuja, kwa mwingine ni chombo cha kutekea maji.

Mwanzoni alidhani dawa ni kubadili kompaila. Akatumia GCC ya Windows iitwayo MinGW. Kosa likabaki palepale, kwani ilifuata desturi ya mfumo ule ule. Ndipo alipokimbilia usanifishaji. Kiwango cha C cha mwaka 1999 kilileta aina iitwayo "int64_t", ambayo ni biti 64 kamili katika mifumo yote miwili. Fauka ya hayo, aliipitisha programu kwa GCC, Clang na kompaila ya Microsoft, akiziamuru zitoe maonyo. Pale moja iliponyamaza, nyingine ilisema.

Katika mkutano uliofuata, mama alisoma jumla sahihi kwa sauti isiyotetemeka. Mwanawe, aliyeketi nyuma, aliinamisha kichwa. Safari hii, nahodha mmoja ndiye aliyekaribia kuzamisha jahazi, na aliyekuwamo ni mamake.